Tarumbeta la Kwanza Halipokewi

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na nyie wa kule mlangoni, sogeeni, benchi za mbele haziumi mtu. Somo tumelisikia, na mama yetu amelisoma vizuri kuliko ningelisoma mimi. Kwa hiyo leo sitawapa maneno mengi, nitawapa mtu. Mtazameni huyo mtu mpaka mwisho, hata kama hampendi mtakachokiona.

Mtu huyu alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa. Usharika wake uko milimani, kwenye migomba na ukungu, na kule usharika usio na kikundi cha matarumbeta watu wanauonea huruma kabisa. Kikundi chao kilikuwa kidogo lakini kikali, na yeye ndiye aliyepiga sauti ya kwanza. Walimwita Pumzi Moja. Wazee walimwita hivyo, watoto wa shule ya Jumapili walimwita hivyo, hata mchungaji akijisahau madhabahuni alimwita hivyo. Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye cheti tu.

Jina hilo alilipata makaburini. Sikilizeni desturi ya pale. Mtu akizikwa, mchungaji akishamaliza ya kwake, kikundi chote kinanyamaza na tarumbeta moja tu linapiga ubeti wa mwisho. Wale wenye kamba wanashusha jeneza kwa kufuata sauti hiyo. Tarumbeta likilia, mikono inalegeza. Likinyamaza, mikono inasimama. Nani alianzisha jambo hilo hakuna anayekumbuka, lakini jaribu kulivunja uone utakavyosemwa.

Sasa mstari wa mwisho wa wimbo ule ni mrefu jamani, mrefu wa kuua. Unapanda, unafika juu, unakaa huko huko juu, halafu unateremka polepole, na ndani yake hamna mahali pa kuvuta hewa. Wapigaji waliomtangulia waliukata katikati, wakavuta pumzi, na marehemu akabaki ananing'inia akiwasubiri. Watu walizoea. Mpaka alipokuja bwana huyu akaupiga wote, mwanzo hadi mwisho, bila kukata. Jeneza likashuka mara moja, taratibu, likatua. Bibi mmoja akafuta machozi akasema, "Ee, huyu ndiye amezikwa." Tangu siku hiyo hakuna familia iliyotaka mwingine.

Mtauliza, aliwezaje? Nitawaambia, maana wengi wanadhani ni mapafu makubwa. Kwanza alitoa hewa yote iliyolala ndani, akapuliza mpaka kifua kikabaki kitupu, kwa sababu hewa ya zamani ikikaa mle ndani mpya haipati nafasi. Kisha akavuta polepole, mabega hayapandi, tumbo ndilo linalojaa, mpaka mkanda unambana. Halafu akaanza kwa unyonge. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu akijisikia kifua kimejaa anatapanya, anapuliza kwa fujo kwenye sauti za mwanzo, na akifika kule juu hana kitu. Huyu bwana mwanzo alikuwa bahili. Aliitoa pumzi kama mama anayejua sukari iliyobaki ni hiyo hiyo na wageni bado wanakuja.

Wakipiga kikundi kizima, wapigaji wana njia yao ya kusaidiana. Mmoja akihisi anaishiwa, anainua kiwiko kidogo tu. Mwenzake wa sauti ya pili anaingia kwenye sauti ile ile, anaishika, yule wa kwanza anavuta hewa, anarudi. Wewe uliyesimama pale na leso yako huna habari kwamba kuna mtu alikuwa anazama akaokolewa. Jambo hilo wanaliita kumpokea mtu. Ni neno lile lile letu la kila siku. Ukimwona mama anapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, si unatoka nyumbani kwako unamwambia, "Nikupokee"? Ndilo hilo.

Lakini Pumzi Moja alikuwa na sheria, na kila aliyejiunga na kikundi aliisikia siku ya kwanza ya mazoezi. Tarumbeta la kwanza halipokewi. Basi. Alipokuwa kijana sheria hiyo haikumgharimu kitu.

Tatizo ni kwamba mkate wake aliupata kwenye mashine ya kusaga. Siku nzima vumbi la mahindi, mwaka baada ya mwaka, na vumbi lile halitoki kwa kujikung'uta mlangoni. Kifua kikaanza kukwaruza. Mstari uliokuwa unamtosha ukaanza kumpita kimo. Akajifunza kuiba pumzi, yaani unavuta kidogo kwa pembe ya mdomo pale sauti mbili zinapokutana, haraka, mtu asisikie. Watu hawakusikia. Aliyesikia ni mmoja, mpiga sauti ya pili, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa anasimama naye bega kwa bega miaka yote.

Siku moja baada ya mazoezi, wenzao wakifuta vyombo vyao, mwalimu alimvuta pembeni.

"Mzee, siku hizi unaiba mara mbili kwenye mstari mmoja."

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie, na mimi nasimama ubavuni kwako? Kifua chako nakisikia. Mzee wangu, acha nikupokee pale juu tu. Sauti moja. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Mwalimu alitaka kusema tena, lakini mzee alishapandisha hasira. Akageuka akasema kwa sauti ya kusikiwa na kikundi chote, "Nisikilizeni! Siku mtu yeyote atakapoinua tarumbeta lake kunipokea mimi, siku hiyo hiyo naweka la kwangu chini na silishiki tena mpaka nife. Tumeelewana?"

Wakajibu, "Tumeelewana, mzee." Na walimaanisha. Walimpenda mno, na hakuna aliyetaka awe yeye aliyemnyamazisha Pumzi Moja.

Naona mnacheka. Chekeni tu, maana kila mmoja hapa ana mjomba wa namna hiyo. Lakini kaeni mkao wa kusikia.

Mke wake akaugua. Ugonjwa wa mama yule haukuwa na haraka, ulimla kidogo kidogo, na yeye mwenyewe alijua unakompeleka. Mume aliacha mashine, akawa anampikia uji, anamgeuza kitandani, anamfulia, yote mwenyewe. Majirani wakija na chungu cha chakula anawashukuru kweli, anawasindikiza mpaka njiani na chungu chao kikiwa bado kimejaa. Akitaka kukohoa anatoka, anakwenda nyuma ya banda la ng'ombe, anakohoa kule mpaka anashika ukuta, anajifuta, anarudi ndani na uso mkavu. Alidhani mkewe hajui. Wanaume sisi, jamani! Mke gani hajui kikohozi cha mume wake?

Mchana mmoja mama akamwita.

"Baba Aikaruwa, kaa hapa. Nina neno."

Akakaa.

"Siku yangu ikifika, mimi sitaki kusimamishwa njiani. Maisha yangu yote nimesubiri. Nimesubiri maji bombani, nimesubiri foleni ya zahanati, nimekusubiri wewe utoke mazoezini chakula kinapoa. Siku hiyo sitaki kusubiri. Nishuke moja kwa moja."

"Utashuka," akasema. "Nakuahidi."

"Kwa kifua hicho?"

Hakujua kwamba mkewe amekuwa akihesabu safari zake za nyuma ya banda.

"Mwambie mwalimu akupokee," mama akasema. "Pale juu tu. Ni ndugu yetu, hatakuaibisha."

"Sipokewi, mama."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako ndiyo kabisa. Wewe nitakushusha mimi, kwa pumzi yangu mwenyewe."

Alidhani amesema neno la mapenzi. Mama akasema, "Tangu umenioa hujawahi kuniachia nikushikie hata kikapu. Nilikuwa nadhani ni heshima." Kisha akageukia ukutani, na jambo hilo hawakulizungumza tena, kwa sababu muda haukuwepo.

Mama akafariki.

Yule bwana hakulia. Watoto walilia, majirani walilia, mwalimu alilia kama mtoto mbele ya watu. Yeye macho makavu. Watu wakasema, "Mwone, mwanaume kweli, imani imemshika." Haikuwa imani. Ilikuwa hesabu. Alijua mtu akilia, pumzi inapanda juu, inakaa kooni, inakuwa fupi fupi, na inachukua muda kurudi tumboni inakotakiwa. Kulia na kupiga tarumbeta vinatumia mlango mmoja. Basi akajiambia, nikishamshusha ndipo nitalia. Akayabana machozi yote msiba mzima, akayakalia kama mtu anayekalia mfuniko wa sanduku lililojaa. Kila wimbo wa maombolezo ulipoanza alitoka nje. Mkono wa mtu ulipomgusa begani aliinuka akajifanya ana shughuli.

Asubuhi ya mazishi mwalimu akaja, tarumbeta lake mkononi.

"Mzee wangu, leo..."

"Nilishasema."

"Najua ulishasema. Lakini leo ni mama."

"Mwalimu, nilishasema."

Basi mwalimu akarudi nyuma, akasimama na wenzake.

Kaburi lilichimbwa pale pale nyumbani, kando ya migomba, mahali ambapo mama alikuwa akianika kahawa. Watu walijaa mpaka barabarani. Mchungaji akamaliza. Kikundi kikashusha vyombo. Wenye kamba wakazikaza mikononi, wakamtazama yeye.

Akatoa hewa ya ndani, yote. Akashusha mabega. Akaanza kuvuta polepole, na tumbo likaanza kujaa, mkanda ukaanza kubana, na akamshukuru Mungu kwamba mwili unamkumbukia kazi yake. Akaanza kwa unyonge kama kawaida. Jeneza likatoka kwenye miti iliyolazwa juu ya kaburi, likaanza kushuka. Sauti ilikuwa safi. Watu waliofunga macho siku ile wanasema ilikuwa safi kuliko miaka yake ya ujana.

Mstari wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kabla ya ule wa mwisho ilibidi avute ile pumzi kubwa. Akafungua kifua chote, chini kabisa, mpaka kule alikokuwa ameyabana machozi, na pumzi ilipopita pale, kilio kikapata njia. Alikisikia kinapanda. Akajaribu kukipita kwa haraka, akaingia kwenye mstari kwa nguvu, yeye bahili wa siku zote akatapanya kila alichokuwa nacho kwenye sauti za mwanzo. Akafika kule juu. Sauti ikatetemeka. Ikapasuka. Ikakatika.

Mikono ikasimama.

Jeneza likabaki katikati ya kaburi, upande wa miguu umetangulia chini kidogo, linayumba. Alikuwa analiona. Mke wake alikuwa anamsubiri. Akaweka mdomo tena, akapuliza, ikatoka hewa tupu, kama mtu anayepoza chai. Akarudia. Hewa tupu. Machozi sasa yalikuwa yanamwagika yenyewe kwenye shaba, midomo imelowa, haishiki kitu.

Ndipo yule bwana akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu ashike tarumbeta. Akainua kiwiko.

Wenzake wote walikiona. Mwalimu alikiona kabla ya wote. Tarumbeta lake likapanda, likafika kifuani, na mzee alipoliona likipanda moyo wake ulisema asante, Mungu wangu, asante. Kisha tarumbeta likasimama. Likarudi chini. Mwalimu akainamisha kichwa, na wenzake wote wakainamisha vichwa, wameshika vyombo vyao magotini kwa heshima.

Wenye kamba mikono ilikuwa inawatetemeka. Mchungaji akawapa ishara, washushe tu. Mama Aikaruwa akashuka kimya. Kilichosikika ni kamba zikikwaruza mbao. Kule kwao hata mlevi aliyekutwa mferejini alishushwa kwa tarumbeta.

Watu walipotawanyika, mzee alikwenda akakaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba. Mwalimu akamfuata, akakaa chini kwenye majani, hakuthubutu kukaa sawa naye.

"Uliona kiwiko changu," mzee akasema.

"Nilikiona, mzee."

"Na pumzi ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo, mzee. Ya kutosha na kubaki."

"Sasa kwa nini?"

Mwalimu alikuwa anang'oa majani, anayatupa, anang'oa mengine. "Ulisema siku tukikupokea unaweka tarumbeta chini mpaka kufa. Nikasema moyoni, leo anamzika mke, mimi nisije nikamzikia na tarumbeta lake. Nikadhani kiwiko kimeinuka kwa bahati mbaya. Tangu nikujue hujawahi kukiinua. Tulikutii, mzee. Sote. Hakuna aliyekukasirikia, tunakupenda."

Yule bwana alitamani aambiwe kwamba wanamchukia. Chuki angejua pa kuiweka. Hili hakuwa na mahali pa kuliweka.

Mwalimu akanyoosha mkono, akamshika goti. "Pole, mzee wangu. Pole sana."

Na mzee, machozi yanamtoka, kamasi inamtoka, pumzi haipandi wala haishuki, mkewe yuko chini ya udongo mbichi hatua chache kutoka hapo, mnajua alijibu nini?

"Nimeshapoa."

Hamcheki sasa.

Umepoa? Umepoa lini? Eti, ndugu zangu, tumepoa lini sisi? Nani alitufundisha kujibu hivyo? Mtu anakuambia pole hata jasho halijakauka, na wewe umeshapoa! Anakuuliza habari za nyumbani, unasema nzuri tu, nzuri tu, na mama amelazwa wodini na mtoto hujui alipolala. Njoo tukusaidie: aa, msijisumbue. Tukuombee: namshukuru Mungu, sina shida. Tunaviita imani hivi vitu. Tunaviita ushujaa. Kanisani tunavishangilia kabisa, "Mwoneni dada yetu, ana majaribu lakini hamtajua!" Hatutajua! Na hilo tunalisema kama sifa.

Sikiliza, wewe unayesema umeachwa peke yako. Unayekaa nyumbani unahesabu nani hakuja, nani hakupiga simu, nani aliona akapita. Huenda ni kweli ni wabaya. Wapo wabaya, siwatetei. Lakini nakuomba ujiulize swali linaloniuma na mimi ninayesimama hapa: hao watu waliokuja mara ya kwanza, uliwajibu nini? Na mara ya pili? Watu wanajifunza, ndugu. Ukiwarudishia chungu chao kimejaa, wanajifunza. Unawafundisha mwaka hadi mwaka, kwa upole, kwa tabasamu, na wanafaulu somo. Siku kifua kinapokukatika unageuka, unawaona wamesimama pale pale, wana pumzi ya kutosha na kubaki, wameinamisha vichwa. Wanakuheshimu.

Na tukifika mbele za Mungu, ni tofauti? Tunapiga magoti, tunamshukuru kwa afya, tunamshukuru kwa mvua, tunawaombea viongozi na wagonjwa wa hospitali zote. Tunasema amina. Kile kilichotuamsha tukapiga magoti hatujakigusa. Tumewajibu malaika wa Bwana kwamba tumeshapoa.

Mtaniuliza, yule mzee alipona? Sijui niwaambie nini. Tarumbeta aliliweka chini, mwenyewe, bila mtu kumpokea. Wenzake wakaja kumsihi, akawapokea vizuri, akawapa viti. Alisema yuko salama. Mke wake hakuna wa kumpandisha juu ili ashushwe upya, na hata wimbo ungepigwa vizuri namna gani sasa, yeye ameshafika.

Kwa hiyo sina neno tamu la kufungia leo. Nina hili tu. Wa kwako wewe, yule anayetaka kukupokea, bado yuko juu ya ardhi. Wengine mmekuja naye, mmekaa benchi moja, mmegusana mabega tangu wimbo wa kwanza na hajui kitu. Hatutaimba bado. Mpiga kinanda, mwanangu, toa mikono kwanza. Geukeni mtazamane, na atakayeulizwa hali yake hapa ndani leo, aseme kweli.